Siku Tisa za Kiti

Jumatatu asubuhi Janiya Pettway alipita kwenye mashine ya kukagua vyuma, akapandisha suruali ili mlinzi aione bangili ya mahakama ya kufuatilia nyendo zake mguuni, akaingia darasani na kuchukua faili lake la aljebra. Shule ilikuwa ndani ya lililokuwa duka la mazulia, katika mji wa Garnet Falls, Michigan, na wanafunzi wake wote waliletwa na mahakama. Janiya alikuwa na miaka kumi na saba. Kosa lake ni kukutwa ndani ya gari la wizi. Mwenzake aliyeliiba alishamaliza adhabu yake na sasa aliuza simu.

Cheti cha sekondari kilitaka krediti ishirini na mbili, yaani alama za masomo yaliyokamilika, naye alikuwa na tisa. Ya aljebra na ya kemia zilibakiza siku tisa tu. Lakini Alhamisi alitakiwa kwa hakimu.

Hakuogopa kufungwa. Aliogopa kuhamishwa. Mahakama ikimhamisha mwanafunzi muhula haujaisha, krediti alizokuwa akizisomea hazimfuati, na jioni ileile mwili wake hurudi nyuma miaka tisa, kumi kwa mara ya kwanza, kisha miwili miwili kila mara. Akili haiguswi. Shule ililijua jambo hilo, ikaagiza madawati ya vimo mbalimbali.

Jirani yake darasani, Corliss Mabry, alikuwa na miaka kumi na minane na alishahamishwa mara nne. Mdogo wake ndiye aliyemleta kila asubuhi, amembeba kiunoni. Katika kemia hakuna aliyemfikia.

"Ukihamishwa, hiyo kitu mguuni inadondoka," Corliss alisema huku akitafuna biskuti. "Unabaki na kimguu kama cha kuku. Ikidondoka tu, mtambo wao unalia, wanasema umeikata. Hilo kosa jipya. Wanakuhamisha tena."

"Si uwaambie hukuikata?"

"Nimwambie nani? Nilimweleza hakimu nikiwa nimesimama juu ya kiti. Akasema naongea vizuri sana kwa umri wangu."

Janiya alicheka, kisha akafungua faili lake. Tangu saa ile hakuinua kichwa. Alisoma akila, akasoma chooni, akasoma akimsubiri bibi yake nje ya duka la dobi. Jumatano mchana alimwekea Mwalimu Brandsma mezani kazi yote ya siku tisa.

Mwalimu aliikagua karatasi kwa karatasi. Hapakuwa na kosa.

"Niwekee sahihi basi, Mwalimu."

"Ningeweka hata sasa hivi, binti yangu. Kompyuta haihesabu kazi. Inahesabu makalio kwenye kiti. Siku sitini, na wewe una hamsini na moja."

"Kwa hiyo hiki kichwa si kitu?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati.

Alhamisi hakimu alikuwa mchangamfu. Alimuuliza Bibi Vernell, bibi yake Janiya, habari za magoti yake. Kisha akasema nafasi imepatikana katika shule ya wilaya jirani, shule nzuri, ina hata bustani, na nafasi kama hizo hazingoji mtu. Janiya angehamia huko Ijumaa.

Mwalimu Brandsma, aliyeomba ruhusa kazini ili aje, alisimama. "Mheshimiwa, naomba siku tisa tu."

"Mwalimu, siku tisa ni nini katika maisha ya msichana mdogo?" hakimu alisema kwa upole, akagonga muhuri.

Janiya alitaka kusema yeye si mdogo. Lakini jina lingine lilikuwa limeshaitwa.

Jioni Janiya na bibi yake walikula tambi za jibini. Katikati ya chakula nyayo zake ziliacha kugusa sakafu, na mikono ya sweta ikaingia kwenye sahani. Bangili ikaanza kuteleza. Janiya aliidaka kwa mikono miwili.

"Bibi! Soksi!"

Bibi Vernell alipiga yale magoti mabovu sakafuni, akajaza soksi kati ya chuma na ngozi, jozi kwa jozi. Taa ya bangili iligeuka nyekundu, na wote wawili wakaacha kupumua. Ikarudi kijani.

"Inabana?"

"Kaza, bibi. Kaza tena."

Ijumaa afisa wa probesheni, msimamizi wake wa mahakama, alimfungia mkanda garini, akampa katoni ya maziwa. Janiya alisafiri saa nzima ameshika kifundo cha mguu, na kila gari lilipoingia shimoni aliitazama taa.

Shule mpya ilikuwa na bustani kweli. Karani alimwuliza umri, akaandika kumi na saba bila kuinua macho, akampa kitabu cha aljebra, kilekile. "Anzia ukurasa wa kwanza," alisema.

Janiya alizijua hesabu zote za ukurasa huo. Aliziandika polepole, kwa sababu vidole havikuwa na nguvu, na kwa sababu kumaliza mapema hakukuwa na faida. Kando yake kitoto chenye vibanio vya rangi nyweleni kilimwegemea.

"Una miaka mingapi?" kilinong'ona.

"Kumi na saba."

"Mimi mwezi ujao natimiza ishirini," kilisema. "Naomba unichongee penseli, dada. Mwenyewe siwezi."

Janiya akamchongea.