Karavani ya Mama Mkwe

Damaris alipojifungua mtoto wa pili, mamake, Nyanchoka, alitaka kuja kumhudumia, lakini kulala chini ya paa la mkwe hakukubali kamwe. Wakisii huiita chinsoni, ile adabu ya kuoneana haya baina ya mtu na wakwe zake, na Nyanchoka hakuwa mtu wa kuilegeza eti kwa sababu dunia imeendelea. Alikuwa tayari kutoka kwake Nyaramba kila asubuhi na kurudi kila jioni.

Mkwe wake, Manasseh Ogeto, fundi wa umeme mjini Nyamira, ndiye aliyekumbuka karavani. Ilikuwa nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, na mteja wake mmoja mwenye shamba la majani chai alikuwa ameiacha tu uani. Manasseh akaiomba, akaisafisha, akaiegesha kando ya ua, mbali na nyumba yake.

"Mwambie mama hii si nyumba yangu," alimwambia Damaris. "Ina magurudumu. Hata msingi haina."

Damaris alicheka mpaka mtoto akaamka. Nyanchoka alipoelezwa kwa simu alisema mkwe wake ana akili. Sifa hiyo ikampanda Manasseh kichwani.

Siku aliyofika Nyanchoka, stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Manasseh hakutishika. Alileta jenereta zake mbili ndogo za petroli. Moja peke yake ingezidiwa na hita na birika, kwa hivyo aliziunganisha kwa waya zifanye kazi kama moja, kisha akavuta kebo nene hadi kwenye soketi ya nje ya karavani. Aliziweka mbali, moshi upeperukie shambani, kama alivyowaonya wateja wake kila mara: moshi wa jenereta unaua, usiiweke karibu na dirisha. Taa zikawaka. Majirani wakapiga makofi.

"Ubarikiwe, Baba Beverlyne," alisema Nyanchoka, akimwita kwa jina la mjukuu wake wa kwanza, bila kumtazama usoni. Akapanda ngazi, akafunga mlango, maana baridi ilikuwa imemwingia.

Alasiri mvua ikashuka kwa kishindo. Manasseh akatoka mbio kuzinusuru jenereta. Angeweza kuzizima, mama mkwe angevumilia giza na baridi kidogo, basi. Lakini sebuleni walikuwa wameketi shemeji yake Abner, kakake Damaris, na wazee wawili wa kanisa, na tangu wafike walikuwa wakimwita injinia. Akazivuta mpaka chini ya turubai lililotandazwa ubavuni mwa karavani, akazishusha pembe za turubai ili maji yasirukie ndani. Dirisha lilikuwa pale pale juu. Aliliona. Akajiambia ni kwa muda mfupi tu, mvua ikipungua atazirudisha. Akaingia ndani kunywa chai.

Mvua haikupungua, na mazungumzo yakanoga.

"Baba Beverlyne," Damaris alimwita kutoka chumbani, "nampigia mama simu, hashiki. Nilitaka kumpelekea mtoto alale naye."

"Ni uchovu wa safari," alijibu, na kabla neno halijamtoka vizuri, akakumbuka lile dirisha. Alikimbia bila viatu.

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Aliuvunja kwa bega, na moshi ukamkaba koo. Nyanchoka alikuwa kitandani, mdomo wazi, kitambaa kimemtoka kichwani. Manasseh alisita mlangoni. Kitanda cha mama mkwe! Kisha akaingia, akambeba kifuani kama mtoto, akamlaza kwenye nyasi, mvua ikiwanyeshea wote wawili.

"Mama! Pumua, mama!"

Watu walipofika walimkuta amempakata, analia. Nyanchoka akakohoa, akatapika.

Hospitalini waliwahi kumwekea oksijeni, na kabla jua halijatua alikuwa akiwatambua watu. Hapo ndipo taabu ya Manasseh ilipoanza.

"Shemeji," Abner alimshika mkono mbele ya wote, "umemwokoa mama. Mwingine angeona haya kumgusa."

"Hizi karavani zimefungwa kama kopo," mzee mmoja wa kanisa alisema. "Hazina hewa. Si ndiyo, injinia?"

"Ndiyo," Manasseh akasema.

Neno hilo moja lilimkaa kifuani usiku kucha. Kila aliyempa mkono wa pongezi alikuwa kama anamzaba kofi. Asubuhi alirudi wodini, akasimama nyuma ya pazia la kitanda. Abner na Damaris walikuwa upande wa pili na mama yao.

"Mama," alisema, "si karavani. Ni mimi. Niliziweka jenereta chini ya dirisha lako. Nilijua ni hatari. Sikutaka taa zizimike wageni wakiwepo."

Abner akainuka, akampiga kikumbo kwa bega, akatoka. Damaris hakuinuka. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka yule mchanga akalia.

"Kunibeba hakukuniaibisha," sauti ya Nyanchoka ilitoka kwa kukwaruza. "Anayezama hachagui mkono. Lakini uliziweka pale, kisha ukaenda kunywa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Na kama mtoto angekuwa ameshaletwa kwangu?"

Manasseh alilitazama lile pazia.

Nyanchoka alirudi Nyaramba, na Damaris akaondoka naye pamoja na watoto. Manasseh alitengeneza mlango wa karavani na kuirudisha kwa mwenyewe. Alienda kwa wale wazee, akawaeleza ukweli, nao wakaacha kumwita injinia. Wateja wakimuuliza jenereta iwekwe wapi, aliwaonyesha kwa kidole tu.

Siku zilipita, kisha ukaja ujumbe kwamba aende akachukue familia yake. Alipofika Nyaramba, Beverlyne alimkimbilia. Aliandaliwa ugali wa wimbi na kuku, na Damaris akamnawisha mikono. Nyanchoka hakutoka jikoni. Manasseh alimsikia akikohoa, kikohozi kikavu ambacho hakuwa nacho zamani. Hakujua kama amejificha kwa heshima au kwa hasira, na hakuthubutu kuuliza. Alikula ameinamisha kichwa, akimega matonge madogo madogo.