Kalenda za Wakili Nassor

Wakili Nassor Abass hakuwa mtu wa kungoja kusifiwa na wengine hali mwenyewe yupo. Mwarabu wa Unguja, alisomea sheria Kairo, akawa wakili, akawa waziri, akawa balozi. Sasa, akikaribia kutimiza miaka themanini huko Maskati, alitaka kila mgeni wa karamu yake aondoke na kalenda ya mwaka 1999 yenye picha yake na maisha yake yote kwa ukurasa mmoja.

Kazi akampa mjukuu wake Swalha, mfanyabiashara wa Guangzhou. Babu alikuwa hamsemeshi vizuri tangu mjukuu huyo alipoacha masomo ya sheria akaenda "kuchuuza vikorokoro". Kalenda hizi ndizo zingewapatanisha, na Swalha alilitaka hilo kuliko faida yoyote.

Ukurasa ulifika umekunjwa mara nne. Swalha akachungulia, akaona picha na maandishi ya taipureta, akaupeleka kwa mama mmoja mwenye duka la uchapaji katika mtaa wa Yide Lu. Huko sampuli ndiyo mkataba: ukiacha kiatu chenye kiraka, utaletewa viatu mia vyenye kiraka.

"Laoban," akamwambia tajiri yule, "yiyang, yiyang! Sawasawa na hii, usipunguze kitu."

Laoban hakupunguza kitu.

Siku moja kabla ya mzigo kuondoka, Swalha akafungua boksi la kwanza. Pembeni mwa kila sifa palikuwa na mwandiko wa penseli, umechapwa safi mara mia tatu. Ulikuwa wa bibi yake Kazija, aliyeambiwa autie ukurasa kwenye bahasha tu, basi.

Penye "Alijiuzulu uwaziri kwa kulinda heshima ya sheria," Bibi ameandika: "Alifukuzwa. Alilia siku mbili." Penye "Alitetea wanyonge bila malipo": "Na sisi tukala nini? Niliuza bangili mbili."

Swalha alicheka mpaka akakalia boksi, kisha hofu ikamshika. Muda wa kuchapa upya haukuwapo. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Akaenda kibanda cha simu, akapiga Maskati.

"Shikamoo, Babu. Kalenda zimeharibika."

"Zimeharibikaje?"

Akamsomea yote.

"Hayo ya kufukuzwa," Babu akasema, "shahidi ana chuki binafsi. Lakini alikuwapo. Yaache."

Nyuma yake Bibi Kazija alisikika akiangua kicheko. Alikwisha kujua kesi ni ipi.

"Niyaache, Babu?"

"Miaka hamsini na mbili sijamweza shahidi yule, nitamweza leo? Ila pa bangili kasema uongo." Sauti yake ikashuka. "Hazikuwa mbili. Zilikuwa nne. Nilikuwa nikiziona zinapungua mkononi mwake, nikajifanya sioni. Parekebishe, mwanasheria wangu."

Swalha akanunua penseli kumi na mbili, akajifungia chumbani na maboksi yake. Akakata mbili, akaandika nne, mara mia tatu.