Nikifor Hakuinama

Moto ulikuwa umeshazimika, lakini Makosaki, askari wapanda farasi wa mfalme, walikuwa bado hawajaondoka. Waduhobori wa kijiji kile, Wakristo waliokataa kushika silaha, walikuwa wamerundika bunduki na majambia yao yote mlimani, wakayamwagia mafuta ya taa na kuyateketeza huku wakiimba zaburi. Mungu anakaa ndani ya kila mtu, walisema. Nani atamchoma Mungu kisu? Asubuhi yake wapanda farasi hao walifika na mijeledi. Yefrem, mwana wa Bibi Malanya, alipigwa mpaka akashindwa kusimama, akapakiwa mkokotenini. Hajarudi.

Bibi alibaki na mjukuu wake, Nikifor, mwana wa Yefrem, ambaye siku hizo hakuwa akisema sana.

Adhuhuri moja mbwa wa jirani walibweka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Bibi akaweka mezani mkate, chumvi na maji.

"Unawaandalia wao?" Nikifor aliuliza.

"Namwandalia atakayeingia."

"Bibi, hawa ndio waliomvunja baba mgongo!"

"Na mmoja wao alimfunika kwa koti lake mwenyewe pale mkokotenini. Wewe hukuona. Mimi niliona."

"Koti moja!"

"Ndiyo, koti moja. Mvua ilikuwa inanyesha."

Mlango ukasukumwa. Aliingia sajini mwenye ndevu nyekundu, mjeledi mkononi. Alipangusa buti zake kizingitini, na Bibi akamshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kisha Bibi akafanya kama wafanyavyo Waduhobori kwa kila mgeni: akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, kumheshimu Mungu aliye ndani ya mtu yule.

"Inuka, bibi kizee, utavunjika kiuno," sajini alicheka. "Mimi si askofu." Akamgeukia Nikifor. "Na huyu jogoo je? Yeye hana kiuno?"

Nikifor alisimama wima kama nguzo. Tangu utotoni hakuwahi kuacha kuinama, hata mbele ya mtoza kodi. Bibi akamtazama, akaona mkono wake umebana shati karibu na mshipi. Kijana hakuweza kuinama. Kulikuwa na kitu kirefu, kigumu, kilichomzuia. Jambia la Yefrem! Hakukumbuka kuliona likitupwa motoni.

Sajini naye alikuwa ameacha kucheka.

Bibi alimwendea mjukuu wake taratibu, akamkumbatia kama alivyokuwa akimkumbatia akiwa na homa.

"Nipe, mjukuu wangu," alinong'ona. "Nipe, upate kuinama."

Vidole vya kijana vilikaza juu ya mpini. Bibi hakuvuta, alingoja tu. Vidole vikalegea.

Akalichomoa jambia mbele ya macho ya sajini, akalitupa ndani ya tanuri la mkate. Mpini wa pembe ukaanza kutoa moshi.

"La nani hilo?" sajini aliuliza, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele.

"Langu," Nikifor alijibu kabla bibi yake hajafungua mdomo. Kisha akainama, akainama kabisa, mpaka nywele zikagusa sakafu.

Sajini akamega mkate, akauchovya kwenye chumvi, akala akiwa amesimama. Halafu akamfungulia Nikifor mlango.

"Tangulia."

Nje mijeledi ilikuwa ikifunguliwa kutoka kwenye matandiko ya farasi. Bibi Malanya akalitoa koti la Nikifor msumarini, akamfuata sajini, akamwekea mkononi.

"Mfunike nalo," alisema. "Mkishamaliza."

Sajini akalipokea.