Simu ya Kipa

Kila klabu ina mtu ambaye hapigwi picha. Katika klabu hii mtu huyo alikuwa mtunza vifaa, na watu walimwita Kufuli. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifua jezi, akisugua daluga, akihesabu soksi mpaka ndotoni. Ukufuli wenyewe ulitokana na mfuko wa simu.

Huo ulikuwa mfuko wa turubai, mdomo wake ukifungwa kwa kufuli dogo la shaba. Kocha aliuanzisha baada ya mshambuliaji mmoja kugombana na mchumba wake kwenye simu saa moja kabla ya mechi, kisha akaingia uwanjani na kukosa magoli mawili ambayo hata bibi yangu na mkongojo wake angefunga. Tangu siku hiyo, mchezaji akishuka kwenye basi anazima simu na kumkabidhi Kufuli. Uwe nahodha, uwe umesajiliwa jana, sheria ni moja. Simu utaiona mpira ukiisha.

Basi msimu huu klabu ikarudi kwenye ubingwa wa Afrika, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuutazama kwenye televisheni za watu. Siku ya mechi ya raundi ya awali, kipa alimvuta Kufuli pembeni. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye viganja vipana kama sahani.

"Mzee wangu, yangu usiizime," alisema. "Mama huwa anapiga siku za mechi. Asipopokelewa, presha inampanda. Mpokelee tu, mwambie nipo salama."

"Na kocha akijua?"

"Kocha naye ana mama."

Kufuli akacheka, akaitia simu ile kwenye mfuko wa koti lake. Haikupita nusu saa ikalia.

"Wewe nani?" sauti ya mama ikauliza. "Mwanangu yuko wapi?"

"Mimi mtunza vifaa, mama. Yuko ndani anavaa. Mzima kabisa."

"Amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

Kufuli hakuwa na habari kipa amekula nini. Akasema wali na kuku, na mama akaridhika. Kisha akatoa dukuduku lililomkaa rohoni tangu mwanawe aanze mpira. "Hebu nieleze, kaka yangu. Wenzake wote wanakimbiakimbia huko, wanafurahi. Yeye wamemsimamisha peke yake kwenye wavu apigwe mashuti. Amewakosea nini?"

Kufuli alicheka mpaka daktari wa timu akageuka kumtazama.

Mama huyo aliishi mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na Kufuli hakuwahi kumtia machoni. Lakini kila mechi alipiga. Walipokwenda ugenini alipiga, waliporudi nyumbani alipiga. Aliuliza kama huko kuna baridi, kama mwamuzi ni mtu mwenye huruma, kama wale wapinzani wana miguu mizito. Kufuli alijibu yote, na pale asipojua alitunga. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Watoto wake wameolewa mbali, na salamu zao huja mwaka ukiisha. Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba alianza kunyoa ndevu asubuhi za mechi, utadhani simu ina macho. Alimpenda mama yule kama dada aliyechelewa kuzaliwa.

Mechi ya nne ya makundi, mama alikohoa katikati ya maneno, kikohozi kirefu, na nyuma yake Kufuli akasikia mtu akiita nesi.

"Uko wapi, mama?"

"Wodini. Kifua tu hiki. Sasa nisikilize, kaka. Usimwambie. Akijua ataacha mpira aje kunikalia hapa kama nimeshakufa. Nataka aumalize msimu wake. Niapie."

"Mama, huyu ni mwanao."

"Si ndiyo maana nakwambia wewe, kwa kuwa ni wangu?"

Kufuli akaapa. Kipa mwenyewe alipompigia siku za kawaida, mama alijikaza, akasingizia mafua, akauliza habari za chakula, na kijana wa watu hakushuku kitu. Timu ikavuka makundi. Ikavuka robo fainali kwa goli moja, tena la kubahatisha. Kufikia nusu fainali aliyekuwa akipiga ni mdogo wake kipa, binti mwenye sauti nyembamba, ambaye alimwita Kufuli mjomba kwa sababu mama yake alimwita kaka. Mama aliwekewa simu sikioni, akasema maneno mawili matatu, akachoka.

"Niruhusu nimwambie," Kufuli alimsihi mara mbili.

"Fainali ikiisha," mama alijibu mara zote mbili.

Fainali ilikuwa ya mechi mbili. Ugenini walitoka sare, moja kwa moja. Marudiano yakawa nyumbani, saa kumi alasiri, na tangu asubuhi hapakuwa na pa kutia mguu. Kufuli alipanga jezi kwenye vigingi, akakagua viatu, akafunga mfuko wa simu. Saa tisa na dakika kumi, koti likatetemeka. Akatoka mlangoni kupokea.

Safari hii alikuwa mama mwenyewe. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila neno lilisikika.

"Kaka, leo sijapiga kwa salamu. Nataka sauti ya mwanangu."

Kufuli akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Kipa alikuwa amekaa kwenye meza ya daktari, hatua kumi kutoka pale, akifungwa plasta za vidole, macho ameyafumba kama afanyavyo kila mechi. Simu ilikuwa mkononi mwa Kufuli. Hatua kumi tu, jamani.

"Mama, ndiyo wanajiandaa," alisema. "Nikimpa sasa atajua kuna jambo. Mechi ikiisha tu, yeye wa kwanza kukupigia."

"Inaisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi."

Mama akairudia saa hiyo polepole. "Haya," alisema. "Nitajitahidi kungoja."

Kocha alikuwa akipita na karatasi zake, akamwona Kufuli amesimama ameduwaa. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, kocha."

Alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, wala hakushikiwa bunduki. Ukimuuliza leo kwa nini, atakuambia kiapo, atakuambia timu, atakuambia miaka kumi na mmoja. Yote kweli. Lakini ndani kabisa kulikuwa na jambo dogo la aibu: alitaka kombe. Alikuwa mzee, amefua jezi za watu maisha yake yote, na alitaka kulishika mara moja kabla hajastaafu.

Mpira ukaanza. Kufuli alikaa mwisho wa benchi, simu imemlalia kifuani ndani ya koti. Kipindi cha kwanza hakikuzaa kitu. Cha pili wageni wakafunga kwa kichwa, na uwanja mzima ukawa kama nyumba yenye msiba. Dakika zikayoyoma. Zilipobaki tano, na timu bado iko nyuma, watu wakaanza kutoka vichwa chini. Kufuli alitazama saa ya uwanja na moyo wake ukamstaajabisha: ulikuwa umetulia. Tumefungwa, basi, mpira unaisha, mtoto azungumze na mama yake. Mtu aliyelia machozi klabu iliposhuka daraja alikaa pale akiwaombea wageni washinde.

Dakika ya mwisho ya nyongeza, mpira ukagonga mgongo wa beki na kumwangukia mshambuliaji mguuni. Akasawazisha. Hakuna aliyebaki amekaa isipokuwa Kufuli. Daktari alimrukia shingoni, akamkumbatia, akamwambia alie tu kwa furaha. Kufuli alikuwa akihesabu. Mawili kwa mawili kwa jumla ya mechi zote mbili, maana yake dakika thelathini zaidi, na baada ya hapo penalti. Mama alikuwa ameambiwa kasoro kumi.

Alisimama ili amfuate kocha, sijui amwambie nini, kwamba amtoe kipa? Akakaa tena. Katika zile dakika thelathini simu ikatetemeka. Akatoka kwa kukimbia, akaingia kwenye ujia wa wachezaji, akapokea.

"Mjomba," alisema binti, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mama ametutoka."

Kufuli akaegemea ukuta. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa kumi na mbili na dakika tano. Alikuwa anauliza saa tu, mchana kutwa. Nilipomwambia kasoro kumi imefika, akasema nimwinue nimwekee simu karibu. Tukangoja. Kwani mpira haujaisha?"

"Haujaisha. Umeongezwa."

Binti alilia kidogo, akajizuia. "Basi mwache amalize. Usimwambie sasa."

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Kufuli yalifika papo hapo na kumkuta amesimama. Alirudi kwenye benchi kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Penalti ya pili ya wageni kipa aliipangua kwa kiganja. Ya tano Kufuli hakuiona, alikuwa ameinama; alijua imeokolewa kwa sababu ya ngurumo. Wakawa mabingwa wa Afrika.

Kipa aliwaponyoka wenzake waliotaka kumbeba. Alikuja mbio mpaka kwenye benchi, uso umemlowa jasho, anacheka.

"Mzee, simu. Yeye wa kwanza. Piga wewe, mimi nina glavu, niwekee sikioni."

"Twende ndani, mwanangu."

"Piga tu hapa hapa, asikie na kelele."

"Twende ndani."

Kipa alimtazama, kicheko kikakatika. Walipofika kwenye ujia, Kufuli alimwonyesha kreti ya maji. Kipa hakukaa.

"Ni mama?"

"Amefariki. Saa kumi na mbili na dakika tano."

Hapo kipa akakaa. Kufuli akaendelea, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza tena. "Aliugua tangu makundi. Aliniapisha nisikwambie."

Angeweza kuishia hapo. Ulikuwa ukweli, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Kipa alikuwa tayari anatikisa kichwa, kama anayemwona mama yake katika maneno hayo.

"Leo alibadili nia," Kufuli alisema. "Alipiga saa tisa na dakika kumi, akaomba sauti yako. Nikamwambia angoje mechi iishe. Alingoja. Mechi ndiyo haikuisha."

"Kocha alikataza?"

"Kocha hakujua. Ni mimi."

"Nilikuwa wapi?"

"Mezani kwa daktari. Unafungwa plasta."

Kipa aligeuka kuutazama ujia, labda akiuona mlango ule, akipima umbali.

"Ungenipa tu, Mzee," alisema.

Hakuwa na hasira. Angekasirika, angetukana, ingekuwa nafuu. Nje walikuwa wanamwita kwa kipaza sauti aje kupokea medali. Kufuli akapiga magoti amfungue glavu, maana zilikuwa zimezungushiwa plasta kifundoni na mwenyewe hawezi kuzivua. Ndiyo kazi yake kila mechi. Mkono wa kushoto kipa alimwachia. Kufuli alibandua plasta taratibu, akavuta glavu, akaiweka chini. Akanyoosha mkono aushike wa kulia, na kipa akaurudisha nyuma. Akaing'ata plasta kwa meno, akaichana, akajivua mwenyewe.

Kisha akachukua simu, akainuka, akaenda mwisho wa ujia pasipo na taa, akampigia dada yake. Kufuli alimsikia akiomba simu iwekwe sikioni mwa mama hata hivyo. Aliyosema hakuyasikiliza, hayakuwa yake. Akaenda chumbani kukusanya jezi.