Miguu Arobaini na Mmoja

Mashine ya kuchonga ilisimama tena katikati ya goti. Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Kisu kilibaki kimening'inia juu ya bonge jeupe la povu gumu, taa ya seva ikapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, kisha karakana nzima ikanyamaza.

Mama alivua miwani akaifuta.

"Ikisimama tena Ijumaa, mwenye mguu huu akija, nafunga mlango," alisema. "Na sifungi kwa hasira. Nafunga kwa sababu sina mikono mingine."

Alisema kweli. Mama ni fundi wa miguu bandia. Kwa miaka ishirini na saba alichukua umbo la kila kigutu kwa plasta, akaikanda kwa viganja vyake kabla haijakauka, mpaka vifundo vya mikono vikagoma. Daktari akampiga marufuku kuigusa plasta. Hapo ndipo mimi, bintiye, nilipomshawishi tununue kamera ya kupimia, ile unayoizungusha kandokando ya kigutu kama unampulizia mtu manukato, na umbo lake linatokea kwenye skrini, kila kovu mahali pake. Seva inalitunza, inalipigia hesabu na kuielekeza mashine ichonge wapi. Seva ikifa, Mama hana kazi. Mama asiye na kazi sijawahi kumwona, na sitaki.

Basi nikamwita fundi wa kompyuta. Aliingia na begi mgongoni na bisikuti mdomoni, akaanza kutaja giga hata kabla ya kutaja hali yake. Mjomba, kaka yake Mama, anayetushonea mikanda ya ngozi, akambatiza papo hapo: Giga.

Giga alitoa kwenye begi kipande chembamba, kifupi kuliko rula ya mtoto wa shule, kimepangwa vijisanduku vyeusi mgongoni.

"Hii ndiyo memori," alisema. "Diski ni stoo, vitu vinalala humo. Memori ni meza, vitu vinafanyiwa kazi hapo. Meza yenu ni giga nane, na imejaa hadi inamwagika."

Mjomba alikipokea kwa ncha za vidole, akakipima uzito. "Hiki? Hiki ndicho kinabeba miguu ya watu?"

"Hicho hicho, mjomba. Sasa chagueni: kumi na sita, thelathini na mbili au sitini na nne. Seva yenu ina nafasi mbili tu za kuchomeka, na dukani hawapokei kilichokwisha kufunguliwa. Mnachagua mara moja. Mko wangapi hapa?"

"Watatu," nikasema.

"Ah! Watu watatu, kumi na sita zinatosha na kusaza. Zaidi ya hapo ni kumnunulia paka kitanda cha sita kwa sita."

"Chukueni sitini na nne," Mjomba akadakia. "Akili haijawahi kumzidi mtu."

"Wewe ikikuzidi tutakuarifu," Mama akamjibu, kisha akanigeukia. "Mwanangu, unasemaje?"

Nilihisi lawama ya siku zijazo ikinikalia begani. "Mama, wewe hukati hata mkanda kwa kukisia. Tupime. Tufanye kazi kama kawaida, Giga atazame meza inajaaje."

Giga akaketi kwenye kigoda mbele ya seva, akafungua ukurasa wenye mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Ila wetu haukushuka. Nilipowasha kazi za siku ulipanda kama jongoo mtini, ukagota juu kabisa, ukakaa huko. Giga akaacha kutafuna.

"Nani kafungua vitu vyote hivi?"

"Vitu gani?"

"Skani za miguu, yale maumbo ya kamera. Arobaini na moja, zote wazi. Na seva ikizimika kuna mtu anazifungua upya, moja moja, kila asubuhi."

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Swali lilinishangaza. Ilikuwa kama kuulizwa kwa nini naosha uso nikiamka. Mama ndiye aliyejibu.

"Hapa jalada la mtu halifungwi mpaka atoke pale mlangoni akitembea. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo. Ukilifunga linaingia kabatini, na la kabatini halikuumizi kichwa. La mezani kila ukipita linakutazama."

"Lakini hiyo ilikuwa karatasi, mama."

"Na miguu nayo ilikuwa ya karatasi?"

Giga alicheka, kisha akaona ni yeye peke yake anayecheka. Akasema kwa upole, "Zifungeni. Hazipotei, ziko stoo. Mkifungua mbili tatu kwa wakati mmoja, giga kumi na sita zitawatosha hadi wajukuu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe muuaji wa seva nilikuwa mimi, kila asubuhi, kwa mkono wangu na kwa nia njema.

Mama alisugua kifundo cha mkono wa kulia. "Sawa," alisema mwishowe. "Tufunge. Ila nione kila mmoja kwanza."

Giga, ili kuokoa muda, akabonyeza kitu, na skani zote zikajipanga kwa pamoja kwenye skrini kubwa ya ukutani.

Nimeifanya kazi hii miaka minne, na sikuwa nimewahi kuiona yote kwa pamoja. Kila siku nilikuwa naona mguu mmoja, kisha mwingine. Sasa walikuwa wote: vigutu arobaini na kimoja, vya rangi ya majivu, vikizunguka polepole, kila kimoja na makunyanzi yake, mshono wake, mfupa wake uliojitokeza pembeni. Hakuna viwili vilivyofanana. Mjomba alivua kofia. Wala hakujua ameivua.

Mama alisogea mbele. Miwani alikuwa ameiacha mezani, kwa hiyo majina hakuyaona, alisoma maumbo.

"Huyu mwashi. Anataka kupanda ngazi tena, nimemwambia asubiri kidonda. Huyu binti wa muuza vioo, anakua, goti litamkimbia kabla ya mwaka kwisha. Huyu kinyozi, anasimama kutwa, mzigo wote kauweka kisigino cha upande wa pili. Huyu dereva wa lori, kila akija anasahau kiatu, na bila kiatu siwezi kumpimia urefu..."

Giga alikuwa akifuatilia majina kwenye kompyuta yake. Kichwa chake kilitikisika kila mara: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama alifika kwa wa kumi na tisa akasita.

"Huyu amefariki. Mkewe alinipigia simu." Akanyoosha kidole, hakugusa. "Huyu mfunge, mwanangu. Taratibu."

Nikamfunga. Mstari wa kijani ulishuka kidogo, upana wa ukucha.

Mama aliendelea, na alipofika safu ya mwisho akarudi nyuma hatua mbili. Akamtazama mmoja wa juu, akamtazama mwingine wa chini.

"Hawa ni mtu mmoja. Ni yule mpishi. Nilimpima Januari, nikampima tena mwezi uliopita. Ona hapa, kigutu kimenywea. Leo mashine ilikuwa inachonga upi?"

Nikatazama. Nikasoma tarehe mara mbili. "Wa Januari."

"Ungempwaya. Angeanguka na sufuria ya moto mkononi."

Kumbe kule kusimama kwa mashine, ambako sisi tulikuita mkosi, ndiko kulikomwokoa. Giga alisimama kutoka kwenye kigoda, na tangu hapo hakukaa tena mbele ya Mama.

"Mama," alisema, "hiyo umeiona kwa sababu zote ziko wazi."

"Basi?"

"Basi mimi niliuliza swali la kijinga. Niliuliza watu wangapi wanafanya kazi hapa. Sikuuliza wangapi wanasubiri." Akachukua kipande cha msasa, akaandika kwa nyuma. "Funga wa Januari, wanabaki thelathini na tisa. Kila mmoja anakula karibu giga moja. Kuchonga kunakula nane. Seva yenyewe nne. Hamsini na moja. Chukueni sitini na nne."

"Si nilisema!" Mjomba akaruka.

"Wewe ulikisia," nikamwambia. "Sisi tumepima."

Ijumaa Giga alichomeka vipande viwili vya thelathini na mbili, vikaingia kwa mlio mdogo kama wa kuvunja njugu. Nikafungua wote thelathini na tisa. Mstari ulipanda, ukapanda, ukafika ulipotaka, ukatulia na nafasi juu yake. Mpishi alikuwa ameketi kwenye benchi, magongo yameegemea ukuta, akitazama povu likipukutika na umbo lake likitokea humo kama mtu anayetoka kwenye ukungu.

"Huyo ni mimi?" alinong'ona.

"Ni wewe," Mama akasema.

Kisu kikafika gotini. Kikapita. Kikashuka hadi chini kabisa, kikanyanyuka chenyewe, kikarudi mahali pake. Mama aliufuta unga kwa kiganja chake kibovu, akalipapasa umbo lote mbele na nyuma, macho kayafumba.

"Mpigie yule dereva wa lori," aliniambia bila kufumbua macho. "Mwambie aje Jumatatu, na asisahau kiatu chake."