Namba Iliyobaki kwenye Faili la Pampu

Nyanjige alikuwa amemwambia Dastan zaidi ya mara moja. Wawili hao waliandika kwa lugha ya C programu ya kuendesha pampu ya kisima cha Bukundi, katika chumba walichopanga Somanda. Dastan ndiye aliyeianza, na kiwango cha maji cha kuzima pampu alikuwa amekiandika upya ndani ya kila faili lililokihitaji.

"Kaka Dastan, tukiweke kwenye heda," Nyanjige alisema. "Faili moja tu, mengine yote yasome humo. Siku tukibadilisha, tunabadilisha mara moja."

"Mbona inafanya kazi? Faili langu la pampu usiliguse."

Nyanjige akaandika heda hata hivyo, akayapanga mafaili mengine. La pampu akaliacha, kama alivyoambiwa.

Kiangazi kilipokaribia waliombwa kupandisha kiwango kutoka mita mbili hadi tatu ili pampu izime mapema, maana maji ya chini yalishaanza kuwa na mchanga. Nyanjige akabadilisha namba kwenye heda; faili la pampu lilikuwa la Dastan. Wiki ya pili pampu ikavuta mchanga, ikaungua. Wanawake wa Bukundi wakarudi kufukua maji mtoni, wakiyagombea na ng'ombe.

Kwenye kikao cha kamati ya maji Dastan alisimama. "Aliyebadilisha namba ni mwenzangu," alisema. "Bado anajifunza."

Kesho yake Nyanjige akafungasha kompyuta yake, akaenda Mwanza.

Ulipita mwezi kabla Dastan hajafungua faili la pampu. Mbili ilikuwa pale pale, ameiandika mwenyewe. Faili halikusoma heda hata kidogo.

Akapiga simu. "Kosa lilikuwa langu, Nyanjige. Nisamehe. Rudi tufanye kazi."

"Nilishajua, kaka. Watu wa Bukundi umewaambia?"

"Bado."

"Basi usianze na mimi."

Dastan alikwenda Bukundi wiki hiyo hiyo. Mama Milembe, mwenyekiti wa kamati, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti yule alituaga siku ile ya kikao," alisema. "Hakuna aliyemwitikia. Hata mimi."

Akaomba namba ya simu ya Nyanjige, akapiga hapo hapo. "Mwangaluka, mwanangu," Dastan alimsikia akimsalimu, kisha mama akasogea pembeni, akaendelea kwa Kisukuma, muda mrefu.

Mama aliporudi, Dastan aliuliza, "Amesemaje?"

"Pampu mpya ikifika atakuja kuiwekea programu. Ila ameomba wewe usiwepo."

Dastan akaitikia kwa kichwa, akatoa kompyuta yake, akaanza kumtumia Nyanjige mafaili yote, na lile la pampu.