Sahani ya Dewitt

Verlene Pruitt alikuwa ameshaandaa jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa ndiyo. Alilijaribu mbele ya kioo alfajiri ile ya Jumamosi akijipaka losheni, akalirudia kimoyomoyo garini huku Harlan Teague akiendesha na kupiga mluzi. Harlan alikuwa amenunua nyumba Arizona, karibu na binti yake, na mwisho wa mwezi alikuwa anahama. Alitaka waoane, wahame pamoja. "Usinijibu nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita," alimwambia. "Nijibu Jumamosi, tukinywa kahawa."

Kosa lilikuwa kwenda kwa Dot, mgahawani. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kile kimji cha Georgia ambacho hata mbwa wake huchelewa kuamka, wangeenda wapi? Kwa Dot hapafungwi. Usiku kucha wanakula pale madereva wa malori, manesi wa zamu, na walevi wanaotafuta cha kutuliza tumbo kabla ya kwenda kukabiliana na wake zao. Verlene hakuwa amekanyaga pale tangu alipomzika mumewe, Dewitt, mwaka juzi. Alijiambia kwamba ameshapoa. Watu hujiambia mengi wakiwa mbele ya kioo.

Isitoshe, walikwenda na pikapu ya kijani ya Dewitt, maana gari la Harlan lilikuwa gereji. Na Harlan alikuwa amevaa kofia, kama walivyovaa wanaume wengine wote wa kule.

Sasa, kwa Dot hakuna karatasi inayopelekwa jikoni. Mhudumu husimama kwenye kigae chekundu karibu na kaunta, anapaza sauti, na mpishi anaweka alama kwenye sahani tupu: kipakiti cha jemu kikilazwa hivi ni mayai ya kuvuruga, kikigeuzwa ni ya namna nyingine. Mteja mgeni huulizwa anataka nini. Mteja wa siku zote haulizwi. Mhudumu akiliona gari lake tu linaegeshwa, anaagiza, na mtu anakuta chakula chake kimeshaanza kukaangwa kwenye bamba la moto kabla hajavuka kizingiti. Pale mjini hiyo ni heshima. Kuna watu wamekuwa mashemasi na hawajawahi kuipata.

Mozelle, mhudumu wa usiku, alikuwa anamalizia zamu. Miguu ilikuwa imevimba na macho yanajifumba yenyewe. Kupitia kioo aliiona pikapu ya kijani ikiingia, mwanamume mwenye kofia kwenye usukani, Verlene pembeni yake. Mdomo ukatangulia.

Verlene ndiyo kwanza anasukuma mlango aliposikia sauti ile.

"Roscoe! Ya Dewitt! Mayai ya kugeuza, viazi viungue pembeni, kitunguu tele, tosti kavu! Na ya Verlene!"

"Ya Dewitt na Verlene, twende kazi!" aliitikia mpishi bila kugeuza shingo, na mafuta yakaanza kuchachatika.

Jina lilitamkwa kama la mtu aliyeko nje, anayefunga mlango wa gari, ambaye ataingia sasa hivi akilalamikia mgongo wake. Verlene aligeuka. Aligeuka haraka, akiwa na uhakika kabisa. Nyuma yake Harlan alikuwa anajifuta viatu kwenye mkeka.

Walikaa meza ya dirishani. Mozelle alikuja na birika la kahawa, akaitazama ile sura iliyokuwa chini ya kofia, akaganda.

"Mungu wangu," alisema. "Bi Verlene. Mpenzi wangu. Na mazishini nilikuwepo!"

"Ulileta keki ya ndizi," Verlene alisema.

"Mama, usijali," Harlan alisema kwa upole. "Uchovu ni uchovu. Mwambie tu bwana mpishi aache."

Mozelle aligeuka apige kelele.

"Iache ije," Verlene alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Dereva mmoja kwenye kaunta aligeuka kumtazama.

Zikaja sahani mbili. Ya Verlene Mozelle aliiweka mbele yake; ya Dewitt hakujua aiweke wapi, akaiweka katikati ya meza, akakimbia. Viazi vilikuwa vimeungua pembeni vikawa vya kahawia, kitunguu kimelala juu kama kimekodi chumba.

Harlan alikikagua. "Kitunguu saa hizi? Huyu bwana alikuwa jasiri. Na wewe ulivumilia?"

"Nilikuwa nalala nimempa mgongo."

Wakacheka wote wawili. Halafu harufu ikampata Verlene vizuri, na akaacha kucheka. Alimtaka Dewitt. Hakutaka kumkumbuka, hilo alilifanya kila siku na alikuwa amelizoea. Alimtaka pale, na kitunguu chake, akigombania chumvi aliyokatazwa na daktari. Hakuwa amejua kwamba bado inawezekana kumtaka mtu namna hiyo, akiwa ameshaandaa jibu la mwingine.

"Verlene," Harlan alisema. "Arizona kuna migahawa pia."

"Najua."

"Mizuri. Na wahudumu wanalala."

"Najua, Harlan."

"Basi shida iko wapi?"

Alizungusha kikombe mezani. "Huko hakuna atakayekosea. Tukiingia mimi na wewe, watatuona mimi na wewe, basi. Hapa mtu ameona gari tu akajua Dewitt anakuja. Na kwa dakika moja, Harlan, alikuwa anakuja kweli. Hata mimi niligeuka."

"Nilikuona," Harlan alisema. "Nikadhani unanitafuta mimi."

Harlan akanywa kahawa yake yote, maana alikuwa mtu asiyeacha kitu kwenye kikombe. Kisha akaweka funguo za pikapu karibu na mkono wa Verlene na kumbusu kwenye utosi. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Nitatembea," alisema. "Gereji ni hapo tu." Verlene alimtazama dirishani mpaka ile kofia ikapotea nyuma ya malori.

Mozelle alirudi, machozi yanamtoka, aproni mkononi.

"Nimekuharibia, Bi Verlene. Mwanamume mzuri vile!"

"Hujaharibu kitu."

"Nimeharibu. Lakini nakuapia, haitatokea tena. Nimeshamsema Roscoe mpaka amenywea, na wa zamu ya asubuhi nawaambia sasa hivi. Hakuna atakayelitaja tena jina lile humu ndani. Nakuapia mbele ya Mungu."

Verlene alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa anampenda, na alikuwa anamnyang'anya kitu pekee kilichombakiza hapa mjini.

"Usiape, Mozelle," alisema. "Nakuomba, usiape."

Lakini Mozelle alikuwa ameshaapa, na mji mzima ulijua kwamba akiahidi jambo hulitimiza. Aliishika ile sahani ya Dewitt kwa mikono miwili, akaiondoa mezani.